Kingamwili Ikitoa Ushahidi wa Uongo: Kutoka kwa Mbu wa Kilombero Hadi Kwenye Histoni

Ukitoka Kidatu kwenye miwa kwenda Ifakara kwenye mpunga, unapita bonde lililowafundisha wanasayansi mengi kuhusu malaria. Mswisi Rudolf Geigy alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 maabara ikaanzishwa. Leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara. Swali kubwa la hapo ni hili: kati ya mbu wote hawa, nani hasa anatuambukiza?

Zamani walitumia darubini. Unapasua mbu mmoja mmoja, unatoa tezi za mate, unatafuta vimelea. Kisha mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein wa Cambridge walipata njia ya kutengeneza kwa wingi kingamwili za aina moja tu, zinazoshika umbo moja tu. Miaka ya 1980 watafiti wakazitumia kunasa CSP, protini inayofunika kimelea cha malaria kinachosubiri kuingia kwa binadamu. Saga mbu, weka kingamwili, rangi ikitokea basi mbu huyo ana vimelea.

Rahisi, eh? Subiri kwanza. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba rangi inaweza kutokea hata pasipo kimelea, hasa kwa mbu wanaopenda kuuma wanyama. Dawa yake ni ndogo: chemsha sampuli kwa nyuzi 100, dakika 10. Protini ya uongo inaharibika, CSP inabaki.

Hili si jambo dogo. Bondeni kwetu *Anopheles arabiensis* huuma watu na ng'ombe pia, kwa hiyo kipimo kisichohakikiwa kinaweza kumbebesha lawama zisizo zake. Utafiti wa vijiji vya Kilombero na Ulanga uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba *Anopheles funestus*, ingawa ni wachache zaidi, ndio waliohusika na zaidi ya asilimia 80 ya kuumwa kunakoambukiza. Ukikosea mbu, unakosea pia pa kupeleka pesa.

Sasa, epijenetiki inaingiaje hapa? Kimelea hichohicho kina jeni za *var* zipatazo 60, lakini hutumia moja tu kwa wakati, kikibadilisha koti ili kukwepa kingamwili zetu. Zile nyingine hufungwa kwa alama za kemikali kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA huzungushwa juu yake kama uzi kwenye reli ya cherehani. Alama hizo tunazinasa kwa kingamwili, kisha tunasoma DNA iliyokuja nazo.

Na tatizo ni lilelile. Alama ya H3K9 na ya H3K27 zimezungukwa na asidi amino zinazofanana, kwa hiyo kingamwili huweza kuzichanganya. Mwaka huohuo wa 2011, kingamwili za histoni zaidi ya 200 zilipimwa. Zaidi ya robo zilifeli.

Kwa hiyo, msomaji, ukiletewa matokeo yoyote ya kingamwili, yawe ya mbu au ya histoni, uliza kwanza: shahidi huyu alihojiwa na nani?