Hitilafu za nishati kwenye kompyuta mpakato za Linux

Kompyuta mpakato, ambayo wengi huiita laptopu, ikiendeshwa na Linux au mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, inaweza kumaliza chaji mapema, kukataa kulala, kuamka yenyewe ikiwa mkobani, au kulala moja kwa moja isiamke. Mwenye mashine huona tatizo moja tu: betri imeisha. Lakini vyanzo ni tofauti, na fundi anayekimbilia kubadili betri kabla ya kupima humtia mteja hasara.

Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa utaratibu wa kusimamia nishati uitwao APM, ulioiachia bayosi, programu ya kuwashia mashine, maamuzi karibu yote. Desemba 1996 ukaja ACPI, kazi ya Intel, Microsoft na Toshiba, uliohamishia maamuzi kwenye mfumo endeshi. Tangu 2013 unatunzwa na UEFI Forum. Katika ACPI, mtengenezaji huhifadhi ndani ya mashine majedwali ya maagizo ya kuwasha na kulaza vifaa, na keneli, kiini cha mfumo endeshi, huyatekeleza. Majedwali mengi hujaribiwa kwa Windows tu. Yanapouliza kama mfumo uliopo unaelewa mambo ya toleo fulani la Windows, keneli ya Linux hujibu ndiyo. Yakiuliza kama ni Linux, hujibu hapana. Hufanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa njia ya Windows ndiyo iliyopitiwa na wakaguzi. Hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa, na si haki kumlaumu mtumiaji.

Kipimo cha kwanza ni betri yenyewe. Kwenye saraka ya /sys/class/power_supply/BAT0 mna faili za maandishi ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Faili ya energy_full_design hutaja uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na energy_full hutaja inachobeba sasa. Tuseme ya kwanza inasoma 50000000 na ya pili 28000000: betri imebaki na asilimia 56, na hakuna mpangilio wa programu utakaorudisha kilichopotea. Baadhi ya mashine hutumia jina la charge badala ya energy, ila hesabu ni ile ile.

Betri ikiwa nzima, tazama usingizi. Usingizi wa S3 huzima karibu kila kitu isipokuwa kumbukumbu, na mashine huweza kukaa hivyo kwa siku kadhaa. Usingizi wa s2idle husimamisha programu na kuvituliza vifaa, lakini kichakata hakizimwi. Kifaa kimoja kikikataa kutulia, chaji huvuja usiku kucha. Amri ya cat /sys/power/mem_sleep huonyesha hali. Ikijibu “[s2idle] deep”, mabano yamezunguka aina inayotumika sasa, na deep, yaani S3, inapatikana; huchaguliwa kwa kuongeza mem_sleep_default=deep kwenye vigezo vya kuwashia keneli. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hazina S3 kabisa. Kwa hizo hakuna njia ila kukisaka kifaa kinachosumbua, na powertop, programu iliyotolewa na Intel mwaka 2007, husaidia.

Mashine inayoamka yenyewe huchunguzwa kupitia /proc/acpi/wakeup, inayoorodhesha vifaa vyenye ruhusa ya kuiamsha. Mara nyingi mkosaji ni kidhibiti cha USB, kinachoandikwa XHC au XHCI. Kuandika jina hilo kwenye faili hiyo kwa mamlaka ya root huondoa ruhusa, na kuliandika tena huirudisha. Mashine ikizimwa na kuwashwa, badiliko hupotea.

Inayolala isiamke ndiyo ngumu, na hapa waandishi wa keneli wametenda wema mkubwa. Keneli iliyojengwa na nyenzo za majaribio ina faili ya /sys/power/pm_test. Andika humo freezer, kisha ilaze mashine: keneli itasimamisha programu, isubiri sekunde 5, na kurudi. Endelea na devices, platform, processors, hatimaye core. Ikinasa kwenye devices, kiendeshi cha kifaa fulani kina kasoro. Shuku kwanza kadi ya picha au Wi-Fi. Nyenzo nyingine, pm_trace, huacha alama ndani ya saa ya mashine, kwa sababu kumbukumbu ya kawaida haivumilii kuzimwa. Usishangae tarehe ikivurugika baadaye.

Usingizi wa aina nyingine ni ulazaji wa diskini, ambapo yaliyomo kwenye kumbukumbu huandikwa diskini; huhitaji eneo la swap kwenye diski na kigezo cha resume kinacholielekeza. Swap ya zram, inayotumiwa na Fedora tangu toleo la 33, haifai, maana yenyewe imo ndani ya kumbukumbu. Tena keneli nyingi hukataa kulala hivyo Secure Boot ikiwa imewashwa.

Kwa FreeBSD, acpiconf -s 3 hulaza mashine na acpiconf -i 0 hueleza hali ya betri. Kwa OpenBSD, zzz hulaza kwenye kumbukumbu na ZZZ kwenye diski.

Badilisha jambo moja kwa wakati, na uandike ulichobadilisha. Ukiipata hatua iliyonasa, wapelekee watunza keneli jina la modeli, toleo la bayosi, toleo la keneli na hatua hiyo, maana kiendeshi kikirekebishwa, kila mwenye modeli hiyo hupata nafuu.