Malungu ya Ufipa: Tanuri Lisilohitaji Mvukuto

Ilungu, kwa wingi malungu, ni tanuri refu ambalo Wafipa walitumia kupata chuma kutoka kwenye mawe ya uwanda wao, karibu na ilipo Sumbawanga leo, kusini-magharibi mwa Tanzania. Lilifikia kimo cha mita 3 hivi, na kuta zake zilikuwa za udongo wa kichuguu, unaostahimili moto vizuri.

Halikuwa na mvukuto. Kuzunguka shina lake yaliachwa matundu, na ndani yake zikapangwa neli za udongo. Makaa na mawe ya chuma vilijazwa hadi juu. Moto ukishika, hewa ya moto ilipanda, na hewa baridi ikavutwa kupitia neli kushika nafasi yake; kadiri tanuri lilivyokuwa refu, ndivyo lilivyovuta kwa nguvu. Penye mvukuto, vijana hupokezana hadi mikono ife ganzi. Ilungu lilivuta lenyewe, taratibu, mchana na usiku kwa siku kadhaa, nalo lilimeza mawe mengi kwa mara moja.

Wepesi huo ulilipiwa kwa makaa, yaani kwa miti mingi, tena moto wa polepole haurekebishiki katikati. Kila kitu kilipaswa kuwa sawa kabla ya kuwashwa. Ndiyo maana miiko ilikuwa mizito: fundi alifukia dawa chini ya tanuri, tanuri likatunzwa kama bibi harusi, na mafundi wakajitenga na wake zao.

Chuma huyeyuka kwa nyuzijoto 1,538, lakini humo ndani takataka za mawe, yaani mavi ya chuma, ndizo zilizoyeyuka, kwenye nyuzijoto 1,200 hivi. Kilichobaki ni donge lenye vitundu, bado limeshikana na mavi ya chuma. Donge hilo lilisafishwa katika kintengwe, tanuri dogo, na hapo ndipo mvukuto ulipotumika. Huo ulikuwa mgawanyo wa busara kweli: nguvu za watu ziliwekewa kazi ndogo inayohitaji moto mkali wa muda mfupi. Baadaye fundi alifua majembe.

Si matanuri yote ya huko yaliyovuta yenyewe: karibu na Ziwa Tanganyika, mwanaakiolojia Bertram Mapunda alichunguza katukutu, matanuri mafupi yaliyopulizwa kwa mvukuto.

Majembe ya bei nafuu kutoka ng'ambo yaliua uyeyushaji katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Waandishi wawili waliuandikia makala: Greig mwaka 1937, na Wise mwaka 1958. Ufuaji uliendelea, kwa vyuma chakavu.