Iran: visima vilivyolala, na namna pampu ilivyovikausha

Wengi wetu tukisikia neno kisima, tunaona shimo linaloshuka chini. Lakini wakaaji wa nchi kavu ya Iran, tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, walichimba visima vilivyolala. Vinaitwa qanat, au kariz.

Kazi ilianzia penye mteremko wa mlima. Mafundi walichimba kwanza kisima mama hadi kukuta maji. Kisha walishuka bondeni, pale walipotaka maji yatokee, wakachimba njia ya chini kwa chini kurudi mlimani, ikipanda kidogo kidogo. Juu yake walitoboa mashimo mengi ya kuingiza hewa na kutolea udongo. Maji yalitiririka yenyewe, bila mnyama wala mafuta. Qanat ya Gonabad, mashariki mwa Iran, ina urefu wa zaidi ya kilomita 30.

Nani angekubali kazi ngumu namna hiyo? Mwanahistoria Mgiriki Polybius, wa karne ya 2 kabla ya Kristo, anatoa jibu: enzi za utawala wa Waajemi, aliyefikisha maji mahali pakavu alipewa haki ya kulima ardhi hiyo kwa vizazi 5. Babu alichimba, wajukuu wakavuna.

Huko Oman mifereji ya aina hii inaitwa falaj. Ni nchi ile ile ambayo wafanyabiashara wake, kwa kupitia Zanzibar, walifika Nyangwe na Kasongo, kwetu Maniema, katika karne ya 19. Kijijini, wakili anasimamia falaj, na maji yanagawanywa kwa zamu. Zamani saa zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mwaka 2006 UNESCO iliandika falaj 5 za Oman katika urithi wa dunia. Qanat 11 za Iran zikafuata mwaka 2016.

Ni nini basi kilichoharibika? Qanat inachukua tu maji yanayojileta. Mvua ikipungua, nayo inapungua, na kijiji kizima kinaona. Pampu haina adabu hiyo: maji yakishuka, mwenyewe anachimba zaidi. Katika miaka ya 1960 Shah wa Iran aliwagawia wakulima mashamba ya matajiri. Jambo jema, lakini matajiri hao ndio waliokuwa wakilipia usafishaji wa qanat, na visima virefu vya mota vilikuwa vinaongezeka. Maji yakashuka chini ya visima mama, qanat nyingi zikakauka. Leo ardhi yenyewe inadidimia katika mabonde kadhaa, hata karibu na Tehran.

Wahandisi wa siku hizi nao wanalaza mabomba yenye matundu ardhini. Pale ambapo tabaka la maji limebaki jembamba, shimo la wima linaligusa kidogo tu, lakini bomba lililolala linaligusa kwa urefu wake wote. Hata hivyo bomba haliumbi maji. Yakitolewa kuliko mvua inavyorudisha, yatakwisha tu.

Sisi katika miji ya Kongo, ambako kila mwenye uwezo anajichimbia kisima chake cha pampu, tujiulize mapema: nani anapima maji yanayobaki chini, na zamu ya jirani asiye na pampu iko wapi?