Viwango vya intaneti ya setilaiti (Kilimanjaro)

Viwango vya intaneti ya setilaiti ni kanuni za kiufundi zinazowezesha dishi, modemu na kituo cha ardhini kuelewana kupitia setilaiti. Kabla mkongo wa SEACOM haujafika Dar es Salaam Julai 2009, karibu data yote kati ya Tanzania na nje ilipita angani, ya Moshi ikiwemo.

Njia ya kushuka, kutoka setilaiti hadi dishi, haikuleta ugomvi mkubwa: wengi walikubali kiwango cha DVB-S na mrithi wake wa 2005, DVB-S2, jamaa wa karibu wa mawimbi yanayolisha ving'amuzi vya televisheni. Vita ilikuwa kwenye njia ya kupanda, kutoka dishi kwenda setilaiti. Ulaya ilisukuma DVB-RCS. Kampuni ya Hughes ya Marekani ikapata idhini ya kiwango chake, IPoS, mwaka 2003. Kampuni ya ViaSat ikaazima kiwango cha DOCSIS kutoka televisheni ya kebo. Kampuni ya iDirect ikabaki na mfumo wake. Taasisi ikihamia mtandao wa mfumo mwingine, dishi huweza kubaki paani, lakini modemu haina kazi tena. DVB-RCS ilikuwa wazi kwa wote, ila uwazi huo ulisaidia zaidi karatasini kuliko dukani.

Mahali penyewe pana bahati. Moshi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, hivyo setilaiti tuli iliyo karibu na nyuzi 36 mashariki huonekana karibu utosini. Kilele cha Kibo hakiizibi hata ukiwa Kibosho au Marangu. Tatizo ni masika: mvua hudhoofisha masafa ya Ku, na ya Ka zaidi. DVB-S2 hujibu kwa kupunguza kasi badala ya kukata mawasiliano. Umbali wa kilomita 35,786 hadi setilaiti hiyo hauna dawa; swali na jibu huchukua zaidi ya nusu sekunde.

Starlink, iliyoanza Kenya Julai 2023, ng'ambo ya mpaka wa Holili, huruka kilomita 550 hivi na kufupisha kusubiri huko. Hata hivyo itifaki yake ni ya ndani, na dishi lake huhitaji anga pana, jambo gumu katika kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, chenye migrivea mirefu.

Mlimani kwenyewe, shirika la simu la TTCL lilifikisha intaneti kituo cha Horombo, mita 3,720, Agosti 2022. Pasipofikiwa na minara hubaki simu za setilaiti, nazo zina mgawanyiko uleule wa viwango: simu ya Thuraya haiingii mtandao wa Iridium. Toleo la 17 la 3GPP, muungano unaoandika viwango vya simu za mkononi, lililokamilika mwaka huohuo wa 2022, liliingiza setilaiti katika viwango hivyo vyenyewe.