Shamba la Mtambwe

Historia ya shamba letu la mikarafuu kule Mtambwe, Pemba, husimuliwa kwa majina ya wanaume. Wa kwanza alifyeka pori, mwanawe akaongeza miti, mjukuu akanyang'anywa. Shajara ya nasaba anayoitunza ami yangu haina mwanamke hata mmoja.

Tufani ya Aprili 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika. Bei ikapanda, na wenye uwezo wakakimbilia Pemba kupanda. Mwaka uliofuata Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, alikubali, kwa shinikizo la Waingereza, kulifunga soko la watumwa la Unguja. Lakini mashamba mapya yalitaka watu, na majahazi yakaendelea kuwavusha kwa siri kutoka Mrima, pwani ya bara: Wayao, Wanyasa, Wamanyema. Hao ndio waliofyeka. Walichuma, wakachambua makonyo, wakaanika majamvini, na makaburi yao hayana alama.

Amri ya tarehe 6 Aprili 1897, ya Sultani Sayyid Hamoud, iliondoa utumwa katika sheria. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na bwana ndiye aliyelipwa fidia. Masuria hawakuhusishwa, kwa kuwa walihesabiwa kama wake, wakasubiri hadi 1909.

Siri yetu iko hapo. Mama mzazi wa babu alikuwa suria. Kwa sheria ya Kiislamu, mwana wa suria anayekubaliwa na baba yake huzaliwa huru na hurithi sawa na watoto wa mke wa ndoa; mama naye huwa huru bwana akifa. Kwa hiyo shamba lilitushukia kupitia tumbo lake, kwa haki kamili, na bado yeye akaachwa nje ya nasaba. Watoto walichukua kabila la baba, Uarabu, wakautangaza. Ulipofika 1964 kabila hilo hilo likawaponza. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ardhi ilitaifishwa, mashamba yakagawanywa eka tatu tatu. Babu alivukia Dar es Salaam, baadhi ya ndugu zake Maskati. Sisi tulilelewa na habari ya dhuluma hiyo, ambayo ni ya kweli, na hatukuambiwa nyingine.

Nilipokwenda Mtambwe, mzee anayelima kipande kimojawapo alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Nilikwenda kuuliza mipaka.

"Mipaka nitakuonyesha, mjukuu wangu," alisema. "Lakini bibi yako na bibi yangu walishushwa chombo kimoja. Hukuambiwa?"

Akanitajia jina la mama yake babu, la kwao, si lile alilopewa hapa. Katika familia ya mzee huyo limetajwa kila kwenye hitima, miaka yote, na watu wasio damu yake.

Silichapi jina hilo hapa kabla ukoo haujakubaliana. Ami amesema ataliandika kwenye shajara. Ndugu wawili wa Maskati wamekataa. Wanaona aibu, na wanahofu madai yetu ya shamba yatadhoofika. Nimewajibu kwa barua kwamba nitasimama nao kudai tulichonyang'anywa babu alipofukuzwa, ila sitatia saini karatasi yoyote ya madai isiyomtaja mama yake, wala isiyosema nani aliyeipanda mikarafuu ile.