Afya ya mama na magonjwa ya mtoto mchanga

Afya ya mama mjamzito huathiri moja kwa moja afya ya mtoto mchanga, yaani mtoto wa siku 0 hadi 28. Magonjwa mengi yanayomfikisha mtoto katika wodi ya uangalizi maalumu huanzia tumboni, na baadhi yake yanaweza kugunduliwa mapema kliniki.

Kisukari

Sukari ya damu ya mama hupita kwenye kondo la nyuma, lakini insulini yake haipiti. Sukari ikizidi, kongosho la mtoto hutoa insulini nyingi, naye hunenepa kupita kiasi. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama hukoma ilhali insulini ya mtoto bado ni nyingi. Sukari yake inaweza kushuka hadi kuleta degedege na kudhuru ubongo. Kwa hiyo hata mtoto mnene anayeonekana mzima hupimwa sukari na kunyonyeshwa mapema.

Shinikizo la damu

Shinikizo la 140/90 au zaidi baada ya wiki 20 za ujauzito, pamoja na protini katika mkojo, huashiria hatari ya kifafa cha mimba. Damu hupita kwa shida kwenye kondo la nyuma na mtoto hudumaa. Pengine madaktari hulazimika kumzalisha mama kabla ya wakati. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 huitwa njiti. Mapafu yake yakiwa machanga, hupumua kwa shida. Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie wa Nyuzilandi walionyesha kuwa sindano za steroidi anazopewa mama kabla ya kujifungua husaidia mapafu hayo kukomaa.

Maambukizi

Kaswende humwambukiza mtoto tumboni. Vimelea vya malaria hujikusanya katika kondo la nyuma, na mtoto huweza kuzaliwa na uzito chini ya kilo 2.5. Chupa ya uzazi ikipasuka muda mrefu kabla ya kujifungua, bakteria huweza kumfikia mtoto na kuingia katika damu yake.

Kinga

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani hupendekeza mahudhurio 8 ya kliniki, la kwanza ndani ya wiki 12. Vipimo ni muhimu kwa sababu kisukari, shinikizo la damu na kaswende huweza kukaa mwilini bila mama kuhisi maumivu yoyote. Kaswende hutibiwa kwa penisilini. Mtoto akilazwa, kadi ya kliniki ya mama huwasaidia wauguzi kujua chanzo cha ugonjwa.