Amri na Ridhaa: Urithi wa Tawala Zilizopita katika Bonde la Kilombero

Utangulizi

Mang'ula ipo chini ya milima ya Udzungwa, baina ya Kidatu na Ifakara, mahali ambapo reli ya TAZARA hupita ikielekea Mlimba na hatimaye Zambia. Mwaka 1992 mambo mawili yaliwafikia wakazi wa mahali hapa. Tarehe 1 Julai sheria ya vyama vingi vya siasa ilianza kutumika nchini. Mwaka huo huo ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, na makao makuu yake yakawa Mang'ula. Jambo la kwanza lilimwambia mwanakijiji kwamba sauti yake itahesabiwa. La pili lilimkumbusha kuwa mlima anaoutazama kila asubuhi u chini ya mamlaka asiyoichagua yeye.

Katika makala haya tunajiuliza: utawala wa amri unapogeuzwa kisheria kuwa utawala wa ridhaa, ni nini kinachobaki? Jibu letu ni kwamba watawala huondoka upesi kuliko ofisi zao. Hubaki sheria, hubaki kiti, na hubaki mazoea ya watu wanaosimama mbele ya kiti hicho. Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa chama kilichotawala peke yake kabla ya 1992 ndicho kilichoendelea kutawala baada yake.

Kutoka boma hadi ofisi ya wilaya

Wazee wa bonde hili waliijua serikali kwanza kwa sura ya boma. Wajerumani walitawala kwa maakida na majumbe, waliodai kodi na kazi ya lazima. Tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mahenge. Walishindwa, na jeshi la Kijerumani likateketeza mashamba na maghala hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Fundisho lililobaki lilikuwa chungu: kuipinga serikali ni kukaribisha kifo.

Waingereza walibadili sura ya utawala. Chini ya Gavana Donald Cameron, sheria ya mwaka 1926 iliwapa machifu madaraka ya kutoa amri kwa watu wao. Hata hivyo chifu aliwajibika kwa bwana shauri aliyeweza kumwondoa, wala hakuwajibika kwa raia. Uhuru ulipatikana mwaka 1961, na uchifu ukafutwa mwaka 1963. Lakini kiti cha bwana shauri hakikufutwa. Kilikaliwa na mkuu wa wilaya, mteule wa Serikali kuu, ambaye kwa sheria za miaka ya 1960 aliweza kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48.

Kijiji kilichotoka juu

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na mafundisho ya Mwalimu Nyerere kwamba ujamaa vijijini ungejengwa kwa hiari. Mwezi Novemba 1973 hiari hiyo ilikoma: Mwalimu alitangaza kuwa kuishi katika vijiji sasa ni amri, na mwisho wa mwaka 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Nchini kote zaidi ya watu milioni 10 walijikuta katika vijiji vilivyoandikishwa. Katika bonde la Kilombero kazi hii ilikwenda pamoja na ujenzi wa reli, ulioanza mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Watu waliozoea kukaa kwa kutawanyika, karibu na mito na mashamba yao ya mpunga, waliagizwa kujenga katika vijiji kando ya njia ya reli.

Haki yatutaka tuseme pia mema yaliyopatikana. Shule, zahanati na kisima viliweza kuwafikia watu waliokaa pamoja, na watoto wengi wa bonde hili walijifunza kusoma kwa sababu hiyo. Lakini mema hayo yaliletwa kwa mkono ule ule uliotoa amri. Chini ya Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975, mwenyekiti wa tawi la chama ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, na katibu wa tawi ndiye katibu wa kijiji. Chini yao walikuwako mabalozi wa nyumba kumi kumi. Hivyo mwanakijiji aliyetaka kulalamika juu ya serikali alipaswa kulalamika kwa chama, na aliyetaka kulalamika juu ya chama alipaswa kulalamika kwa watu wale wale.

Mabadiliko ya 1992 na mipaka yake

Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikusanya maoni ya wananchi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walipendelea chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka kirekebishwe. Wako wanaosoma takwimu hii kama ushahidi wa kuridhika. Sisi twaona yafaa isomwe kwa tahadhari. Mtu aliyehamishwa kwa amri mwaka 1974, na ambaye babu yake alimsimulia habari za Mahenge, ana sababu ya kujibu kwa hadhari anapoulizwa na tume ya serikali kama anaipenda serikali. Woga na shukrani viliweza kukaa katika jibu moja.

Tume yenyewe ilishauri vyama vingi viruhusiwe. Iliorodhesha pia sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa, miongoni mwake Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962. Vyama viliruhusiwa upesi. Sheria zilishughulikiwa polepole. Tena mwaka 1997, miaka mitano baada ya mabadiliko, Sheria ya Tawala za Mikoa iliwapa upya wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48. Kijijini nako mwenyekiti huchaguliwa, lakini mtendaji huajiriwa na halmashauri na hutazama huko kupata maagizo. Mwaka 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na chama tawala kikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti vya wenyeviti wa vijiji. Sanduku la kura lilikuwapo. Uchaguzi wa kweli ulikosekana mahali pengi.

Mtu aweza kudhani kwamba dawa ni kubadili chama tu. Tufuate basi reli yetu hadi mwisho wake. Nchini Zambia Frederick Chiluba aliwekwa kizuizini mwaka 1981 chini ya Kenneth Kaunda. Mwaka 1991 alimshinda Kaunda kwa kura. Mwaka 1993 alitangaza hali ya hatari, na wapinzani wakatiwa kizuizini. Mwaka 1997 Kaunda mwenyewe alikamatwa. Mfungwa wa jana alipokalia kiti, alikuta funguo za gereza mezani, naye akazitumia.

Kanisa nalo

Kanisa halisimami nje ya historia hii. Tamko la Bagamoyo, lililotolewa na maaskofu wa KKKT mwaka 1994, lilizungumzia ardhi, uchumi na demokrasia. Mwaka 2018 ujumbe wao wa Pasaka, 'Taifa Letu, Amani Yetu', ulijibiwa kwa barua ya ofisi ya msajili iliyowataka waukanushe. Kisha waziri mwenye dhamana akaikana barua hiyo. Sheria ya kuandikisha jumuiya ambayo ofisi hiyo huitumia ilitungwa na Waingereza mwaka 1954, nayo ilitumika kuyazuia matawi ya TANU. Chombo kilichotengenezwa kuwabana wapigania uhuru kilikuwa bado mezani miaka 64 baadaye.

Lakini yatupasa kujihoji sisi wenyewe pia. Ni mara ngapi mkutano wa usharika husomewa uamuzi ambao umekwisha kufanywa, nao washarika huitikia kwa kunyosha mikono? Mazoea yaliyojengwa kijijini hayaachwi mlangoni pa kanisa.

Hitimisho

Urithi huu haumfungi mtu milele. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinautambua mkutano mkuu wa kijiji, wenye kila mkazi aliyetimiza miaka 18, kuwa ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Ruhusa ya kuokota kuni kavu ndani ya hifadhi ilipokomeshwa mwaka 2011, jambo hilo liligusa jiko la kila mama wa Mang'ula. Mambo ya namna hii ndiyo yanayostahili kuulizwa katika mkutano huo, kwa jina na kwa sauti, na muhtasari wake kuandikwa. Mwanafunzi wetu atakayetumwa kuhudumu bondeni ajue kwamba atawakuta watu wenye kumbukumbu ndefu ya amri. Asiuchukulie ukimya wao kuwa ridhaa. Awaulize, kisha angoje jibu.